Darubini ya lenzi au ya kioo? Pima kwanza bomba

Swali: Klabu ya sayansi ya shule yetu hapa Tanga inataka darubini ya kutazamia mwezi na sayari. Tumepata mbili za bei inayokaribiana: ya lenzi iliyoandikwa 70/700, na ya kioo iliyoandikwa 114/1000, ambayo bomba lake halifiki nusu mita. Muuzaji anasema ya kioo ina nguvu zaidi. Tuchukue ipi?

Jibu: Mwalimu, kwa hizo mbili, chukueni ya lenzi.

Namba ya kwanza ni kipenyo kwa milimita, ya pili ni umbali wa fokasi, yaani kutoka kwenye lenzi au kioo hadi pale mwanga unapokutana, nao pia kwa milimita. Mwanga unaokusanywa hufuata mraba wa kipenyo: 114 gawa kwa 70, jibu lizidishe kwa lenyewe, unapata karibu 2.65. Hata ukiondoa kivuli cha kioo kidogo kilichokaa karibu na mdomo wa bomba, ya kioo ingeshinda. Tena kioo hukusanya rangi zote mahali pamoja, ilhali lenzi hupinda bluu kuliko nyekundu. Ndiyo sababu Zuhura huota ukingo wa zambarau. Kwenye 70/700 ukingo huo ni hafifu. Kwenye 70/400 unakera.

Kinachonitia shaka ni hiyo 1000. Darubini ya kioo ya mtindo wa Newton huwa na bomba linalokaribia umbali wake wa fokasi: 130/650 ni kama sentimita 60. Bomba fupi lenye fokasi ya 1000 lina lenzi ndogo iliyofichwa kwenye shingo ya kufokasia, inayorefusha fokasi na kujaribu kurekebisha kasoro ya kioo cha umbo la tufe. Katika zile za bei nafuu kazi hiyo hufanyika vibaya: mwezi utapendeza kwa ukuzaji mdogo, ila Zohali ukiikuza mara 100 itabaki punje ya wali iliyovimba. Na lenzi hiyo huvuruga hata ulinganishaji wa vioo, yaani kuviweka vielekeane sawasawa.

Mkipata 114/900, au 130/650 yenye kioo cha parabola (mpindo usio na kasoro ile ya tufe), jibu langu linageuka. Lakini jueni kazi yake. Itoeni nje nusu saa hadi saa nzima kabla, kioo kipoe. Kikiwa na joto, picha huchezacheza kama hewa juu ya lami. Kisha wekeni nyota angavu katikati, vurugeni fokasi mpaka iwe duara lenye tundu jeusi. Tundu likikaa upande, legezeni skrubu za kufungia nyuma ya kioo kikuu, zungusheni moja ya kurekebishia kidogo tu, chini ya robo mzunguko, rudisheni nyota katikati, tazameni tena. Kwa Tanga kuna na chumvi ya bahari: utando wa alumini uko wazi, kwa hiyo mfuniko usisahaulike. Vumbi kidogo liacheni. Kusugua kunaharibu kuliko vumbi.

Ya lenzi haidai hayo. Adui yake ni umande kwenye lenzi ya mbele, na kola ya karatasi ngumu yenye urefu wa sentimita 15 husaidia sana. Msiufute kwa kitambaa, uacheni ukauke.

Lenzi za jicho, zile za kuchungulia: gawa umbali wa fokasi wa darubini kwa wa lenzi hiyo. Kwenye 70/700, ya milimita 25 itawapa ukuzaji wa mara 28, ya 10 mara 70. Na mara 70 tayari inaonyesha pete za Zohali na miezi minne ya Mshtarii. Kama boksi lina ya milimita 4 pamoja na kikuzaji cha mara 3, ndiko inakotoka ile "525x" ya kwenye matangazo. Kwa kipenyo cha milimita 70, kikomo cha ukuzaji ni kama mara 140.

Jambo la mwisho, kabla wanafunzi hawajaigusa: jua lisitazamwe bila kichujio maalumu kinachofunika mdomo wote wa mbele, na kidarubini cha kulengea kifunikwe pia. Mkikuta kichujio kidogo cha jua cha kuskrubu kwenye lenzi ya jicho, kitupeni. Hicho hukaa pale joto linapokusanyika, na hupasuka jicho likiwa papo hapo.