Maswali na Majibu: Linki ya baharini inayoanguka maji yakijaa

Swali: Habari za kazi, mhandisi. Nasimamia linki (mawasiliano ya redio kati ya antena mbili) ya GHz 5.8 inayovuka bahari kutoka bara hadi kisiwani, kilomita 22, pwani ya kusini ya Tanzania. Kila upande una dishi la sentimita 65 lenye dBi 30 (kipimo cha jinsi linavyokusanya mawimbi), na redio inatoa dBm 20 (kipimo cha nguvu ya mawimbi). Mwanzo antena ya bara ilikuwa mita 30 juu ya bahari na ya kisiwani mita 18, na kazi ilikwenda vizuri. Tulipopata nafasi kwenye mnara mpya tukapandisha hadi mita 42 na 26 ili tupate kasi zaidi. Sasa kuna siku mapokezi yanashuka kutoka dBm −49 hadi −72, saa kumi alfajiri na tena saa kumi jioni, kwa saa mbili au tatu. Kesho yake inachelewa kidogo. Baada ya wiki moja linki inapona yenyewe, kisha ugonjwa unarudi. Tumebadilisha kebo na redio, tumeelekeza dishi upya, hakuna kilichosaidia. Nifanye nini?

Jibu: Ndugu fundi, vifaa vyako ni vizima. Kinachokuangusha ni bahari yenyewe, na kupandisha antena ndiko kulikofungua mlango. Teremsha antena.

Dalili zako zinajieleza. Tatizo la joto, la jua au la mzigo wa watumiaji hufuata saa ya ukutani. Lako linachelewa kila siku, na ukipima utakuta ni kama dakika 50, ambao ndio mwendo wa mwezi. Linakuja mara mbili kwa siku kwa sababu maji hujaa mara mbili, kila baada ya saa 12 na dakika 25 hivi. Linakuja wakati wa bamvua (siku maji yanapojaa na kupwa sana), baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na kutoweka wakati wa maji mafu (siku yanapojaa na kupwa kidogo). Tena katika pwani yetu maji ya bamvua hujaa karibu na saa kumi, kama ulivyoandika. Mvua tuiweke kando: kwenye GHz 5.8, mvua kubwa ya kilomita tano njiani inakula desibeli chache tu, haiwezi kula 23.

Sasa sababu. Dishi lako linapokea mawimbi mawili: moja limekuja moja kwa moja, jingine limegonga maji na kuruka. Kwenye pembe ndogo kama yako bahari hurudisha karibu nguvu yote na kugeuza wimbi nusu mzunguko. Kwa hiyo njia ya pili ikiwa ndefu kuliko ya kwanza kwa nusu ya urefu wa wimbi, mawili hayo yanajumlishana na unapata hadi desibeli 6 za ziada. Ikiwa ndefu kwa urefu mmoja kamili wa wimbi, yanafutana. Kwa GHz 5.8 urefu wa wimbi ni sentimita 5.17, kwa hiyo tunazungumzia tofauti ya sentimita chache katika kilomita 22, na maji yanayopanda na kushuka mita nne yanatosha kabisa kuileta.

Hesabu yake unaweza kuifanya kwa kikokotoo cha simu. Tofauti ya njia ni mara mbili ya kimo cha antena moja, zidisha kimo cha nyingine, gawa kwa umbali, vyote kwa mita. Lakini usitumie vimo vya mlingoti kama vilivyo, maana dunia imepinda. Toa kwanza kwenye kila kimo umbali wa kutoka antena hiyo hadi mahali wimbi linapogonga maji, kwa kilomita, ukizidishwa kwa wenyewe na kugawanywa kwa 17. Hiyo 17 inatokana na hali ya kawaida ya hewa, ambamo mawimbi hujipinda kidogo kufuata dunia, kana kwamba nusu kipenyo chake ni theluthi moja zaidi. Mahali pa kugonga unapatafuta kwa kujaribu: uwiano wa vimo vilivyopunguzwa lazima ulingane na uwiano wa umbali wa pande mbili. Kwako ni kama kilomita 13.3 kutoka bara.

Bamvua likijaa, bahari iko mita 2 juu ya wastani, hivyo antena zako zina mita 40 na 24 tu. Baada ya kutoa mpindo zinabaki 29.6 na 19.5. Tofauti ya njia inakuwa sentimita 5.26, yaani mara 1.02 ya urefu wa wimbi. Uko ndani ya shimo, pale mawimbi yanapofutana. Maji yakipwa, vimo vinakuwa 44 na 28, tofauti inafika sentimita 7.2, sawa na wimbi 1.39, na unaongezewa desibeli 5 na nusu. Bila bahari kabisa ungepokea dBm −54.6, ongeza 5.5 unapata −49 yako, na hiyo −72 ni shimo la desibeli 17 hivi. Wakati wa maji mafu bahari haipandi zaidi ya nusu mita na kitu juu ya wastani, na hapo hasara haifiki hata desibeli 2. Ndiyo maana linki "inapona".

Sasa fanya hesabu ileile kwa vimo vya zamani, 30 na 18. Maji ya wastani: wimbi 0.47. Bamvua limejaa: 0.36. Limepwa: 0.59. Yote matatu yanazunguka nusu wimbi, kilele chenyewe, na tofauti kati ya saa bora na saa mbaya haifiki desibeli moja. Aliyeweka linki mara ya kwanza aidha alihesabu au alibahatika, lakini mahali palikuwa pazuri. Kanuni ya "juu zaidi ni bora zaidi" ni ya nchi kavu yenye miti na mapaa. Juu ya maji, ukishapata nafasi ya kutosha kwenye kanda ya Fresnel (eneo linalozunguka mstari wa mawimbi, linalotakiwa kuwa wazi), kila mita ya ziada inakusogeza kuelekea shimo la kwanza.

Na nafasi ya kutosha ulikuwa nayo. Kanda ya kwanza ya Fresnel katikati ya njia yako ina nusu kipenyo cha mita 16.9, na tunataka angalau asilimia 60, yaani mita 10. Kwa vimo vya zamani, hata bamvua likijaa, mstari unapita mita 14.9 juu ya maji baada ya kutoa mita 7.1 za mpindo wa dunia. Chombo kidogo kikipita hakikusumbui. Meli ndefu yenye makasha inaweza kukutikisa kwa dakika kadhaa. Kama njia ya meli inakatiza hapo, iandike pembeni ili usije ukaichanganya na tatizo hili.

Kabla hujapanda mnara, thibitisha. Rekodi kiwango cha mapokezi kila dakika moja, pande zote mbili, kwa siku 15, ili upate bamvua moja na maji mafu moja. Zima marekebisho ya nguvu ya kujiendesha na ufunge chaneli moja. Redio inayojiongezea nguvu au kuhama masafa itakuficha umbo la shimo. Kisha chora mapokezi dhidi ya kimo cha maji kutoka jedwali la bandari, usichore dhidi ya saa. Kama ni mwakisiko wa bahari, nukta zote zitakaa kwenye mstari mmoja uliopinda: kilele kipana, shimo jembamba lenye kingo kali. Nukta zikitawanyika hovyo, tafuta sababu nyingine. Kumbuka vimo vya jedwali huanzia kwenye sifuri ya ramani za bahari, si kwenye wastani wa bahari. Katika pwani yetu wastani upo takriban mita 2 juu ya sifuri hiyo.

Hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea: kupima kimo cha antena. Simu nyingi hutoa kimo cha GPS kisichorekebishwa, na pwani ya Afrika Mashariki kimo hicho hupishana na usawa halisi wa bahari kwa zaidi ya mita 20. Ukikitumia, hesabu yote imeharibika. Tumia futi kamba kutoka antena hadi chini, kisha pima kutoka hapo hadi kwenye maji kwa bomba la usawa au mashine ya wapima ardhi, na uandike saa uliyopima. Jedwali litakuambia maji yalikuwa wapi saa hiyo. Kosa la mita 1 linavumilika, la mita 5 halivumiliki.

Dawa sasa. Iliyo bora ni kurudi 30 na 18. Kama mnara wa bara haukuruhusu kushuka, teremsha ya kisiwani peke yake, kutoka mita 26 hadi 16. Namba hiyo inatokana na kwamba nafasi ya wima kati ya shimo na kilele upande mmoja ni urefu wa wimbi mara umbali, gawa kwa mara nne ya kimo kilichopunguzwa cha upande wa pili. Kwa kisiwani inatoka mita 9.6. Ukikaa 42 na 16 utapata kati ya desibeli 0.7 na 6 za ziada kutegemea maji. Si tulivu kama 30 na 18, ila shimo limeondoka. Ujaribu bamvua lijalo kwa mlingoti wa muda wenye waya za kushikilia, kisha ndipo ufunge kabisa.

Yale utakayoshauriwa na wengine, niyapitie. Kuongeza nguvu kunaongeza mawimbi yote mawili sawasawa, shimo linabaki na kina chake, na unajisogeza kwenye mpaka wa kibali chako cha TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Kuinua uso wa dishi kidogo ili lisione maji hakufanyi kazi kwa umbali huu: pembe kati ya mawimbi mawili ni nyuzi 0.15, na dishi lako linaona nyuzi zaidi ya 5. Hata dishi la mita 1.2 linaona karibu nyuzi 3. Kugeuza polaraizesheni (upande ambao mawimbi hutikisika) kutoka mlalo kwenda wima hupunguza mwakisiko kutoka karibu 1 hadi 0.96 hivi tu. Faida ingekuwepo kama wimbi lingegonga maji kwa nyuzi 6 au 7, lako linagonga kwa nyuzi 0.13. Kwa sababu hiyohiyo redio yenye polaraizesheni mbili haikuokoi, zote zinaanguka pamoja.

Wengine husema kusi likivuma bahari inachafuka na mwakisiko unavunjika. Kwa pembe yako, mawimbi ya maji yanapaswa kufika karibu mita 3 ndipo bahari iache kuwa kioo kwa GHz 5.8. Mawimbi ya mita moja hayabadilishi kitu cha maana.

Kuhama masafa nako kunahamisha tu saa ya tatizo. Ukienda GHz 5.2, shimo linashuka hadi pale bahari ilipo mita 0.9 juu ya wastani. Katika siku za bamvua maji hupita hapo mara nne kwa siku, na sasa hata maji mafu yanakaribia kukugusa.

Jambo moja vimo vya 30 na 18 haviliponyi kikamilifu, nawe ulijue mapema. Usiku mtulivu, hasa wakati wa tangambili (kati ya kusi na kaskazi), hewa yenye unyevu hulala juu ya maji na kupinda mawimbi kuelekea chini kuliko kawaida. Mpindo wa dunia unakuwa kana kwamba umenyooka, na tofauti yako ya njia inaweza kupanda kutoka 0.47 hadi 0.95 ya wimbi, pembeni mwa shimo. Hilo halifuati maji wala mwezi, nalo linakuja na kuondoka bila ratiba. Kama linki inabeba huduma isiyoweza kukatika, mfano ya hospitali, weka jozi ya pili ya dishi na redio zake. Ya kisiwani iwe mita 9 hadi 10 chini ya ya kwanza, bara iwe kwenye kimo kilekile, kwa chaneli tofauti, na rauta ihamishe mzigo mapokezi ya moja yakipungua. Mwongozo wa ITU-R P.530, wa shirika la kimataifa la mawasiliano, unaeleza namna ya kupanga nafasi hizo.

Usijaribu kuokoa pesa kwa redio moja na kebo ndefu hadi dishi la pili: kebo nene ya aina ya LMR-400 inakula takriban desibeli 0.35 kwa kila mita kwenye GHz 5.8, mita 10 ni desibeli 3 na nusu, na chumvi ya baharini itaingia kwenye viunganishi kabla mwaka haujaisha. Redio ikae nyuma ya dishi lake, kebo ya mtandao yenye kinga ishuke chini, na kila kiunganishi kifungwe utepe wa mpira kabla ya ule wa plastiki.