Acha zana ikuandikie kodi ya kompyuta, ila sheria za pesa za kikundi ziandike mwenyewe

Mi natengeneza mifumo ya vikoba na saccos ndogondogo, karibu yote natumia Django, yaani zana ya kutengeneza mifumo ya tovuti kwa lugha ya Python, na niseme wazi kabisa kwamba napenda sana zana zinazozalisha kodi zenyewe na simshauri mtu yeyote aandike fomu ya kusajili wanachama kwa mkono. Kwa asiyeijua Django ni hivi, unaandika modeli, yaani unaeleza mwanachama ana jina, namba ya simu, tarehe ya kujiunga, ana hisa, ana mkopo, unaisajili na kuipangia kwa mistari michache, basi, yenyewe inakutengenezea tebo kwenye databesi, kurasa za kuingiza taarifa, kutafuta, kuchuja, na sehemu ya kuingia kwa neno la siri juu yake. Ilitolewa kwa watu wote mwaka 2005, ilianzia kwenye gazeti la Lawrence Journal-World kule Kansas, Marekani, ambako kazi ilikuwa inatakiwa iwe tayari kabla habari haijapoa, na haraka ile bado unaihisi ukiitumia leo.

Sasa wengi wanaoanza wakishaona kurasa zimetokea wanadhani mfumo umeisha. Haujaisha, hapo ndo kwanza kazi inaanza maana zana imejua tebo zako tu, sheria za kikundi haijui hata moja. Vikundi vingi vya kuweka na kukopa mwanachama ananunua hisa moja mpaka tano kila kikao, mkopo hauzidi mara tatu ya alichoweka, na mwisho wa mzunguko watu wanagawana. Ile kurasa iliyojitengeneza itampokea mtu aliyeandika hisa 50 bila kumuuliza kitu, mkopo wa mara ishirini nao itaupokea na kukuambia umehifadhiwa vizuri. Kibaya zaidi, mwenye ruhusa anaweza kufungua malipo ya miezi sita nyuma akabadilisha tarakimu na kikao kizima kisijue, maana Django inaandika nani kabadilisha fildi (sehemu ya taarifa) gani lakini kiasi kilichokuwepo mwanzo haikitunzi. Na hawa ni watu ambao sanduku lao la pesa lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti, halafu wewe unawaletea kompyuta inayofunguliwa na mtu mmoja. Hii inaniuma kweli kila nikiikuta.

Kwa hiyo tebo yoyote ya pesa funga kuediti na kudiliti. Ni has_change_permission na has_delete_permission, zote mbili zirudishe False, mistari michache tu, na aliyekosea kuingiza anaandika ingizo la kurekebisha kama mhasibu anavyofanya kwenye leja, lile la mwanzo libaki linaonekana. Halafu angalia on_delete, yaani agizo la nini kifanyike kwa vinavyomtegemea anayefutwa, watu wanakopi CASCADE (futa vyote pamoja) kwa mazoea, mwanachama akijitoa katibu anamfuta na michango yake yote inaondoka naye, jumla ya kikundi inabadilika. Kweli kurasa inakuonesha kwanza orodha ya vitakavyofutika, ila mtu ana foleni ya wanachama mbele yake atabonyeza ndiyo. Weka PROTECT, inayokataa kufuta kama kuna michango inayomtegemea.

Kingine ni migresheni, yaani faili za kubadilisha tebo za databesi modeli ikibadilika, na hapa naomba msome taratibu. Ukibadilisha jina la fildi, tuseme ilikuwa "kiasi" ukaiita "kiasi_cha_mkopo", amri ya makemigrations, inayozalisha faili hizo, inakuuliza umebadilisha jina? Ukijibu hapana, au ukiiendesha kwenye skripti isiyo na mtu wa kujibu, inachukulia ile ya zamani imeondolewa na hii ni mpya kabisa, ina maana kolamu inafutwa na kila kilichokuwemo. Fungua faili iliyozalishwa kabla hujaendesha migrate, amri inayoyatekeleza mabadiliko, ukiona RemoveField (ondoa fildi) na AddField (ongeza fildi) mahali ulipotegemea RenameField (badilisha jina) simama hapohapo. Ni kusoma kwa dakika chache tu, na bakapu iwe imeshachukuliwa.

Sa hivi kuna hizi za akili bandia pia, GitHub Copilot inayokuandikia kodi ilikuja 2021 na baada yake zimefuata nyingi, nazitumia na zinasaidia. Ila usizichanganye na Django. Django ukiipa modeli ileile unapata kurasa zilezile, kwa hiyo cha kutunza na kusoma ni modeli yako. Akili bandia ukiiuliza swali moja mara mbili inaweza kukupa majibu mawili tofauti, kwa hiyo hapo kodi yenyewe ndo mali, isome mstari kwa mstari, iandikie testi (kodi ndogo ya kuijaribu), usiibebe kwa sababu tu imekubali kuendesha.

Sheria za kikundi nazipata kwa kukaa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina na katiba yao mezani, tunaziandika kwa Kiswahili cha kawaida kwanza, halafu kila sheria inakuwa fanksheni yake, yaani kipande chake cha kodi, kwenye faili la peke yake, mbali na vilivyojizalisha, na testi yake. Mgao ndo unaoleta maswali mengi. Kikundi kina shilingi 1,000,000 na hisa 600, kila hisa inapata 1,666 na senti kadhaa. Ukiacha kodi ikadirie kwa kawaida inakuja 1,667, zidisha kwa 600 unapata 1,000,200, yaani unataka kugawa shilingi 200 ambazo sandukuni hazimo. Ukishusha iwe 1,666 zinabaki 400 na lazima ziwe na mwenyewe. Usijiamulie, uliza kikaoni, wengine watakwambia ziende mfuko wa jamii, wengine zianzie mzunguko mpya, na jibu lao liandikwe kwenye katiba kwanza ndo uliweke kwenye kodi.