Siku moja Ahmedabad na mwongoza watalii

Ndugu, umeuliza kama siku moja yatosha kuuona mji mkongwe wa Ahmedabad, India. Yatosha, ila uanze asubuhi na mapema. Matembezi ya urithi huanzia hekalu la Kihindu la Swaminarayan, mtaa wa Kalupur, na kuishia Jama Masjid, msikiti mkuu wa Ijumaa wa mwaka 1424. Njiani mnapenya vichochoro vya nyumba za mbao za nakshi na minara ya kulishia ndege. Jua likiwa kali, pumzika.

Msikiti wa Sidi Saiyyed usiukose hata kidogo! Aliyeujenga, 1573, alikuwa Mhabeshi, Mwafrika mwenzetu. Dirisha lake la jiwe limechongwa mti wa matawi yaliyosokotana. Mwombe mwongozaji akuache uutazame kwa utulivu. Usiku kaleni Manek Chowk, soko la vito linalogeuka la vyakula.