AWS, Azure au kampuni ya Dar: nyumba ya wageni Paje ichague lipi?

Waalaikum salaam, dada. Nimekufahamu: vyumba 12, kompyuta ya ofisini imeungua kwa umeme wa kukatika na kurudi, na sasa una bei tatu mkononi za kukodi seva, yaani kompyuta ya kampuni nyingine ya kuhifadhia data unayoifikia kwa intaneti: AWS ya Amazon, Azure ya Microsoft, na kampuni ya Dar. Hujui ushike ipi.

Bei ziweke pembeni kwanza. Andika unachotaka kuhifadhi: buku la wageni, hesabu, nakala za pasi. Hizo pasi ndizo zenye kesi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ina masharti ya kupeleka taarifa nje ya nchi, basi muone mwanasheria kabla hujasaini.

AWS wana vituo vya data Cape Town, Azure Johannesburg. Jaribu huko kabla ya Ulaya. Bili huja kwa dola, na mtego uko kwenye kutoa data: kuingiza bure, kutoa unalipia kwa gigabaiti ukishapita kiwango cha bure. Mie duka langu la Darajani lilikuwa likishusha nakala nzima kila usiku. Bili ya mwezi wa pili niliisoma nimesimama. Weka tahadhari ya matumizi siku ya kwanza.

Kampuni ya Dar waulize: nikitaka kuhama, data yangu mtanipa kwa muundo gani?

Na Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini zilipokatika, mtandao ulivyosumbua umeona mwenyewe. Orodha ya wageni wa wiki ikae pia kwenye laptopu.

Ila kusema kweli, vyumba 12 havihitaji seva. Programu ya buking ya kulipia kwa mwezi inakutosha.