Barua kwa mwanangu: kwa nini umweleze mtu usiyemjua

Nyegezi, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako nimezipata, na swali lako nimelisoma zaidi ya mara moja kabla ya kushika kalamu. Unasema daktari wa huko Dodoma amekupima damu, hakuona malaria, wala upungufu wa damu, wala hitilafu ya tezi ya shingoni, kisha akakuandikia ukamwone mwanasaikolojia. Ukaniuliza: "Mama, wewe umekuwa muuguzi miaka yote hiyo. Mtu ambaye hakumjua baba na hanijui mimi, ataniponyaje kwa maneno matupu, wakati wewe, shangazi na mchungaji mmesema nami mwaka mzima tangu baba afariki na bado silali?"

Nimefurahi kwamba daktari alianza na damu, kwa sababu uchovu na kukosa usingizi vinaweza kuletwa na mwili wenyewe, na si vema kumpeleka mtu kwenye mazungumzo kabla ya kuhakikisha hilo. Sasa nikujibu kuhusu yaliyobaki.

Nianze na sisi tuliokwisha kusema nawe. Unaponipigia simu usiku ukaanza kulia, hufiki mwisho wa kilio chako. Katikati unakumbuka kwamba unayemlilia ni mume wangu, unajifuta, unaniuliza kama nimekula. Shangazi yako naye amempoteza kaka. Hakuna hata mmoja wetu asiyekuwa mfiwa, na kila mmoja, kwa kukupenda, anataka maumivu yako yaishe upesi kwa sababu yanamuuma na yeye. Ndiyo maana tunakimbilia kukuambia jikaze, au kazi ya Mungu haina makosa, au usijilaumu. Maneno hayo si mabaya, na sidharau namna watu wa kwetu wanavyobeba msiba: majirani wanakesha, watani wanafanya mizaha yao hata mbele ya jeneza, na mfiwa haachwi alale peke yake. Lakini turubai likishafunguliwa na viti vikirudishwa, anayebaki na usiku ni wewe.

Mtaalamu huyo hana fungu katika msiba huu, na hilo ndilo la kwanza analokupa. Huna haja ya kumfariji. Unaweza kumwambia kwamba ulimkasirikia baba yako kwa kuuficha ugonjwa wake, jambo ambalo sebuleni kwetu lisingetamkika bila mtu kukohoa, naye hatashtuka wala kulipeleka kwa wakwe zako. Usiri ni sehemu ya kazi yake. Atauvunja tu pale ambapo uhai wako au wa mtu mwingine uko hatarini, na inampasa akueleze hivyo siku ya kwanza kabisa.

Pili, usiende ukitarajia nasaha. Kizazi changu cha wauguzi kilijifunza ushauri nasaha katika miaka ya UKIMWI: unakaa na mtu kabla ya kipimo na baada ya majibu, unampa taarifa, unamsaidia kuamua. Ni kazi njema, lakini ni fupi. Tiba ya kisaikolojia ni jambo jingine. Mnakutana kwa kawaida mara moja kwa wiki, kwa muda wa karibu saa nzima, na kwa shida kama yako huenda ikawa vikao kumi na viwili au ishirini. Katika muda huo mnachunguza pamoja jinsi tukio, wazo, hisia, mwili na matendo yako vinavyolishana, kisha mnatafuta mahali pa kukata mzunguko huo.

Nitumie jambo lako mwenyewe, kwa kuwa umelitaja katika kila barua: ile Jumatano. Unasema ungepanda basi Jumatano badala ya Ijumaa, baba angepona. Mimi nimekuambia si kosa lako kwa sauti zote ninazozijua, na haikusaidia kitu, kwa sababu neno la kukutuliza halijibu shitaka. Linaliahirisha tu mpaka usiku unaofuata. Mtaalamu hatabishana nawe. Atakuuliza Jumatano hiyo ulijua nini hasa. Nani alikupigia simu, na alisema hali ikoje? Ungefika, ungefanya nini ambacho madaktari hawakukifanya? Na kama ni mdogo wako ndiye aliyechelewa siku mbili, ungemhukumu hivyo hivyo? Hatakupa majibu. Utayatoa wewe, na huenda ukayaandika katika daftari, safu kwa safu: kilichotokea, wazo lililokujia, hisia iliyofuata, ushahidi unaoliunga mkono wazo hilo na unaolipinga. Mtu akilifikia jibu kwa mguu wake mwenyewe hulishikilia kuliko lile alilopewa na mama yake.

Njia hii ina historia. Daktari Aaron Beck wa Philadelphia, Marekani, aliyezaliwa mwaka 1921 na kufariki mwaka 2021, alifundishwa kwanza katika shule ya Freud, mwasisi wa uchambuzi wa nafsi, na alitarajia kuona katika ndoto za wagonjwa wa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, hasira waliyoigeuzia nafsi zao. Alichokikuta badala yake ni mada za kupoteza na kushindwa. Alipowasikiliza zaidi, aligundua kwamba kulikuwa na mawazo mafupi yaliyopita haraka vichwani mwao, ambayo waliyaamini bila kuyakagua, na katika miaka ya 1960 akaijenga tiba yake juu ya ukaguzi huo. Zipo shule nyingine, nazo zimebishana kwa muda mrefu. Nisikuchoshe na ugomvi wao. Ninachokiamini, na utafiti mwingi unakubaliana nami, ni kwamba katika shule zote, jinsi mgonjwa na mtaalamu wanavyoaminiana na kukubaliana juu ya kazi yao huchangia sana matokeo.

Usishangae pia akikupa kazi za nyumbani zisizo za maneno. Umeacha kwaya, umeacha kutembelea marafiki, unarudi kazini na kujilaza huku umewasha televisheni. Unasubiri hamu irudi ndipo uanze. Mtu mwenye sonona akisubiri hamu, anaweza kusubiri sana. Mara nyingi tendo hutangulia na hamu huja nyuma yake. Kwa hiyo mtapanga jambo dogo la siku fulani na saa fulani, ulitende ukiwa huna hamu, halafu uandike ulijisikiaje baadaye.

Umeuliza kama atakulazimisha kusimulia saa za mwisho za baba yako. Hapana. Zamani iliaminika kwamba mtu aliyepatwa na janga lazima akalishwe mara moja na kutapika yote. Utafiti ulionyesha kwamba kikao kimoja cha namna hiyo hakizuii madhara ya baadaye, na kwa baadhi ya watu kinaongeza maumivu. Shirika la Afya Duniani halikishauri. Nakumbuka hilo kila ninapopita makaburi ya Igoma, walikozikwa wengi waliokufa meli ya MV Bukoba ilipozama mwezi Mei 1996. Mhanga wa siku ya kwanza anahitaji usalama, maji, blanketi, habari za ndugu zake, na mtu wa kumsikiliza akitaka kusema. Mambo mazito yana wakati wake, na kasi unaiweka wewe.

Lipo hata hivyo jambo moja ambalo tiba haitakuachia, nalo ni kukwepa. Mwanamke mmoja wa mtaani kwetu, aliyeniruhusu nimtaje bila jina, aliacha kupanda chombo chochote cha majini baada ya kivuko cha MV Nyerere kupinduka karibu na gati la Ukara tarehe 20 Septemba 2018, ajali iliyoua watu zaidi ya 220. Hakuwemo ndani; aliyekuwemo ni binamu yake. Shida ni kwamba kwao ni kisiwa cha Ukerewe, na hata aliyezunguka kwa barabara ya Bunda hakuwa na budi kuvuka maji pale Kisorya, hivyo akakosa harusi na misiba ya kwao. Mtaalamu alimwomba aorodheshe anachokiogopa kuanzia chepesi hadi kizito. Walianza kwa kukaa ufukweni Kirumba wakitazama mitumbwi. Baadaye alikaa ndani ya chombo kilichofungwa gatini, kisha akavuka kwenda Kamanga na kurudi, na mwisho akapanda meli ya Nansio, bandari ya Ukerewe. Katika kila hatua alibaki pale mpaka hofu ikapungua yenyewe. Ukikimbia, akili inahesabu kwamba kukimbia ndiko kulikokuokoa; ukibaki, inapata hesabu nyingine. Njia ya kuikabili hofu hatua kwa hatua ilielezwa na daktari wa Afrika Kusini, Joseph Wolpe, katika kitabu chake cha mwaka 1958. Wewe huogopi maji, lakini tangu mazishi hujaingia chumba cha baba yako, na simu yake umeomba niiweke mbali. Sikulaumu. Nadhani tu mtaalamu ataliulizia.

Najua utasema haya ni mambo ya Wazungu. Basi tazama ng'ambo ya ziwa letu. Katika wilaya za Rakai na Masaka nchini Uganda, ulifanyika utafiti katika vijiji 30, ukachapishwa mwaka 2003. Watu wenye dalili za sonona walikutana katika vikundi kila wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliofundishwa kwa wiki mbili tu, wakijadili vifo vya wapendwa, migogoro na mabadiliko ya maisha. Mwishoni, waliobaki na vigezo vya sonona kali katika vikundi hivyo walikuwa asilimia 6.5, wakati katika vijiji ambavyo havikupata huduma hiyo walikuwa asilimia 54.7. Wengi wao ni wakulima, mwanangu, na walikuwa na misiba mingi kuliko sisi.

Sikuahidi kwamba utaacha kumlilia baba yako. Kulia si ugonjwa. Wataalamu huanza kuzungumzia maombolezo yaliyokuwa maradhi pale yanapozidi miezi sita, yanapopita kile ambacho mila na dini ya mtu inakitarajia, na yanapomzuia kuishi. Wewe una mwaka na zaidi, na watoto wanakula chakula ulichokipika bila kukionja. Mazungumzo pekee hayatoshi kwa kila mtu. Mwenye kusikia sauti zisizokuwepo, au mwenye hali inayopanda na kushuka kupita kiasi, anahitaji dawa na daktari wa magonjwa ya akili, na hata sonona ikiwa kali mara nyingi hutibiwa kwa vyote viwili. Na ikiwa siku yoyote litakujia wazo la kutaka kufa, usilisubirishe hadi kikao kijacho: mwambie mumeo, nipigie saa yoyote, na uende hospitali siku hiyo hiyo.

Umeandika kwa mzaha kwamba majirani watasema umepelekwa Mirembe. Wacha waseme. Hospitali inayotibu magonjwa ya akili imegeuzwa tusi, na wanaoitumia kama tusi ndio hao wanaomficha mgonjwa ndani mpaka hali inakuwa mbaya. Wala usikubali mtu akuambie kwamba ni upungufu wa imani. Endelea kusali kama ulivyozoea, mambo hayo hayagombani.

Siku ya kwanza muulize amesomea wapi, amewahi kusaidia waliofiwa, na anatumia njia gani. Asipotaka kujibu, au akikuomba urafiki, biashara au mkopo, ondoka. Vikao vya mwanzo vinaweza kukuacha mzito kuliko ulivyoingia, kwa hiyo usipange kazi ngumu jioni hiyo. Baada ya wiki tano au sita, kama huoni mabadiliko yoyote, mweleze hivyo usoni. Mtaalamu mzuri atabadilisha njia au atakuelekeza kwa mwingine.

Mumeo mwambie unakwenda, lakini huna deni la kumsimulia unayoyasema kule. Mimi pia sitakuuliza. Ukihitaji nije nikae na watoto siku za vikao, niambie wiki moja kabla ili nimpate mtu wa kuangalia kuku.

Mama yako anayekupenda