Unataka ngoma ya msanii kwa gemu yako? Kabla ya pesa, ongeeni miaka

Kama unatengeneza gemu hapa Nairobi na unataka iwe na ngoma zenye watu wanazijua, mimi nakuunga mkono kabisa. Gemu yangu ni ya simu, ni ya nganya, zile matatu zimepambwa, na abiria wa huku unawajua, wanaacha gari tupu ipite wakingoja ile iko na mziki poa. Nilijaribu biti za bure za intaneti na raha yote ikaisha, gari iko na taa na michoro alafu spika zinatoa kitu ungesikia ukingoja benki ishike simu. Ikabidi nitafute wasanii, na kitu ningetaka kila mtu ajue kabla hajaanza hii safari ni kwamba miaka ya mkataba wa ngoma ni muhimu kuliko bei.

Juu gemu huishi miaka mingi. Alan Wake ilitoka 2010, na Mei 2017 ikatolewa sokoni kwa sababu leseni za mziki zilikuwa zimeisha, ikarudi Oktoba 2018 baada ya leseni kufanywa upya. GTA IV ni ya 2008, na 2018 ikapoteza ngoma kibao, stesheni ya redio ya ndani ya gemu, Vladivostok FM, ndio iliumia zaidi. Hizo ni kampuni ziko na mawakili, sasa wewe na laptopu yako kwa bedsita utafanya nini mkataba ukiisha na watu bado wanacheza?

Alafu jua unaomba ruhusa mbili. Kuna wimbo wenyewe, maneno na melodi, na kuna rekodi, ile sauti ilitoka studio, na mara nyingi wenyewe si mtu mmoja. Msanii mmoja aliniambia ngoma ni yake yote, na kwa roho safi aliamini hivyo, lakini kuuliza kidogo tukapata prodyusa ana haki yake kwa rekodi na hakukuwa na karatasi yoyote kati yao. Tuliketi wote watatu tukaandikishana nani ana asilimia ngapi, na nadhani hio siku ilimsaidia msanii kuliko ilivyonisaidia mimi. Uliza pia biti ilitoka wapi. Wengi hukodisha biti mtandaoni, na ile leseni ya bei rahisi huwa na mipaka, kwa hivyo msanii anaweza kuwa hana ruhusa ya kukupea wewe uweke kwa gemu ata kama ngoma inachezwa kila mahali.

Na usichanganye hii na mambo ya MCSK, KAMP na PRISK, yale mashirika ya kukusanya malipo ya mziki. Kile kibali cha kucheza mziki kwa baa ama kwa matatu hakikuruhusu kuweka wimbo ndani ya gemu, hio unaongea na wenye haki moja kwa moja.

Kwa mkataba mimi huomba milele, dunia nzima, simu na kompyuta, pamoja na video za matangazo. Msanii akikataa milele yuko na haki kukataa, ni jasho lake, hapo omba angalau wale tayari wako na gemu wasinyang'anywe ngoma, na upange kodi ya programu yako (code) vile wimbo unaweza kutolewa bila kuvunja kitu kingine. Lipa vizuri pia. Kama huwezi kulipa mara moja toa kidogo sasa na asilimia ya mauzo, na umtumie hesabu ata mwezi wenye hakuna kitu imeingia.

Kitu ingine husahaulika ni wale wanarekodi wakicheza wanapandisha YouTube. Ngoma ikiwa imesajiliwa kwa Content ID, ule mfumo wa YouTube wa kutambua nyimbo za wenyewe, video yao inadaiwa na pesa ya matangazo inaweza kwenda kwa mwenye wimbo, na hao ndio wanakutangazia gemu bure. Cyberpunk 2077 iliweka mahali pa kuzima nyimbo zenye leseni, weka kama hio, ni kazi ya jioni moja. Na umuulize msanii ni kampuni gani inasambaza ngoma zake, juu kuna zile zitakubali kuachilia video za wachezaji ukiongea nao mapema, kabla gemu haijatoka.