Ukienda kusomea uongozi, beba na muhtasari wa kikao

Nilijiunga na kozi ya jioni ya uongozi nikiwa mjumbe wa bodi ya SACCOS ya kazini, yaani chama chetu cha kuweka akiba na kukopeshana. Nilitegemea kufundishwa kuongea mbele za watu. Wiki ya pili mwalimu akasema kila mtu alete muhtasari wa kikao alichokaa yeye mwenyewe.

Wangu ulikuwa wa kikao cha mikopo. Ajenda namba 5: ombi la mjumbe mwenzetu, limepitishwa. Waliohudhuria: wote, naye akiwemo. Nikakumbuka alivyokuwa akinywa chai viti viwili kutoka kwangu huku tukijadili mkopo wake. Nani angepinga? Na sahihi yangu ipo pale chini, wino wa bluu. Mkopo aliulipa wote, nisimsingizie. Ila fedha za mwezi ule ziliishia kwake, na mwanachama aliyeomba ada ya mtoto tukamwambia asubiri.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huo: nenda darasani na karatasi zako. “Mgongano wa maslahi” utaukariri siku moja na usiuone mezani kwako miaka kumi.

Kozi ilinirudisha pia kwenye miiko ya viongozi ya Azimio la Arusha, 1967, ambayo shuleni niliimeza kwa ajili ya mtihani tu. Safari hii nikaona ujanja wake: haikuishia kumwambia kiongozi awe mwadilifu. Ilitaja vitu: hisa kwenye kampuni, mishahara miwili, nyumba za kupangisha. Vitu vya kuhesabika. Azimio la Zanzibar la 1991 lililegeza hayo, na sisemi yarudi yote (nina vyumba viwili vya kupangisha Mbagala), lakini namna ile ya kuandika ndiyo niliyoiiba.

Nikapeleka sentensi moja kwenye bodi: mwenye ombi atoke nje, na muhtasari uandike katoka saa ngapi, karudi saa ngapi. Mwenyekiti akanitazama juu ya miwani. “Bwana mdogo, sasa unatuita wezi?” Nikamjibu, “Hapana mzee, hata mimi nilisaini.” Ilipita kikao cha tatu.

Wa kwanza kutolewa nje nilikuwa mimi, nikiomba hela ya bati. Nilisimama koridoni dakika ishirini nikisikia vijiko vya chai. Waliponiita, walikuwa wamenipa nusu.